Kerezo la Uani: Lifungwe Kompyuta au Liachwe?

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu mwenye kerezo la mkono nyumbani kwake, alifunge mota na kompyuta au aliache lilivyo? Ubishi huu unasikika Gerezani, Dar es Salaam, na unasikika kwenye vibanda vya mabati nyuma ya nyumba za watu, na maneno ni yaleyale. Nimeyakusanya nikayapa sauti mbili. Mmoja ni Mjomba, mkereza wa siku nyingi. Mwingine ni Mpwa, binti fundi umeme aliyepewa ruhusa ya kulifungia kompyuta kerezo la mjomba wake. Mashine ni ya Mjomba. Kompyuta, mota na waya ni vya Mpwa, na hilo peke yake ni nusu ya ugomvi. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MPWA: Shikamoo, Mjomba.

MJOMBA: Marahaba. Leo unafungua nini tena?

MPWA: Sifungui kitu. Nimekuja kuuliza kwa nini unawaambia wateja kwamba kompyuta imeharibu mashine.

MJOMBA: Kwa sababu imeharibu. Zamani nilikuwa nachonga bushi, naitoa, naipima, inaingia. Sasa napewa bushi pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, halafu naambiwa nisubiri, hitilafu inatafutwa. Mteja hali hitilafu, mwanangu.

MPWA: Hilo la bushi tutalifikia, na nadhani hutalipenda jibu lake. Kwanza niambie unachopinga ni kompyuta yenyewe au ni mimi?

MJOMBA: Wewe sina neno nawe. Napinga mambo mawili. La kwanza, kazi inayoingia hapa. Mtu analeta shafti ya mashine ya kusaga iliyolika pale inapokaa beringi. Mwingine analeta puli, mwingine bushi ya bajaji. Kila kimoja kina kipimo chake, na kingine kimevunjika hata kipimo hakina. Mpaka wewe umalize kuandika amri zako, mimi nimeshakabidhi kazi na nimekula. La pili, mkono unasikia. Kisu kikiisha makali sauti hubadilika, na ule ukanda wa chuma unaotoka hubadilika rangi. Kompyuta yako inasikia?

MPWA: Haisikii. Ndiyo maana anayeitumia haendi kunywa chai wakati chuma kinazunguka. Na kwa shafti moja iliyolika sibishani nawe hata kidogo, shika mpini umalize. Lakini yule mtu wa mikokoteni anayetaka bushi 200 zinazofanana? Ulipomchongea oda ile ya kwanza, zilizochongwa asubuhi na zilizochongwa jioni zilifanana?

MJOMBA: Zilifanana kiasi cha kutosha.

MPWA: Kwa mkokoteni, ndiyo.

Hapa niseme kitu kuhusu huo mkono anaousifu Mjomba. Karibu mwaka 1800, huko London, Henry Maudslay aliunda kerezo ambalo kisu hakishikwi na mkono tena; kimefungwa kwenye kitelezi kinachovutwa na skrubu ndefu, na skrubu hiyo inaendeshwa kwa gia na chuma kilekile kinachochongwa. Mpini anaouzungusha Mjomba kila siku ni mtoto wa uvumbuzi uliomwondolea fundi kazi ya kukishika kisu. Kompyuta nayo ilichelewa tu kufika. John Parsons, wa Traverse City, Michigan, alikuwa akihangaika na umbo la mapanga ya helikopta, akapata mkataba wa jeshi la anga la Marekani mwaka 1949, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya kuchonga chuma inayofuata tarakimu zilizotobolewa kwenye utepe. Kwa hiyo hoja ya kwamba huu ni mchezo wa vijana wa simu janja tuiweke kando. Hoja ya aina ya kazi, hiyo ni nzito, na nitairudia.

MJOMBA: Sawa, Maudslay apumzike. Gharama je?

MPWA: Programu sikununua. Ninayotumia inaitwa LinuxCNC. Asili yake ni taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, miaka ya 1990, na inatolewa bure. Inakubali kompyuta kuukuu ya mezani. Haitaki kompyuta ya kasi, inataka isiyochelewa. Kuna jaribio la kupima ucheleweshaji: unaliacha liende huku unafungua madirisha na kunakili mafaili ili kuisumbua. Ikichelewa chini ya mikrosekunde 20, hiyo ni nzuri sana kwa kuendesha mota moja kwa moja. Ikipita 100, haifai kwa njia hiyo. Kompyuta mpakato nyingi hufeli kwa sababu ya ule ujanja wao wa kubana umeme.

MJOMBA: Na mota kubwa iliyokuwa ikizimika kila kisu kikigusa chuma? Hiyo nayo ilikuwa ucheleweshaji?

MPWA: Hapana, ule ulikuwa umeme. Nieleze?

MJOMBA: Eleza, wasikie.

MPWA: Nyumbani tuna fezi moja. Mota ya kerezo ni ya fezi tatu. Katikati tunaweka invata, inachukua fezi moja na kutoa tatu. Lakini zile tatu inazotoa ni za volti 230 kati ya waya na waya, si 400 kama za kiwandani. Ukisoma kibati cha mota utakuta 230/400, pembeni yake alama ya pembetatu na alama ya nyota. Mota iliyotoka kiwandani huwa imefungwa nyota, ya volti 400. Ukiipa 230 ikiwa bado nyota, inazunguka vizuri ikiwa tupu, unafurahi, lakini nguvu yake ya kukata ni theluthi moja tu. Fungua kisanduku, hamisha vile vibati vitatu viunge pembetatu, basi.

MJOMBA: Watu wangapi wamerudisha mota dukani wakisema ni feki!

MPWA: Wengi. Na kibati kikisema 400 kwenye pembetatu, mota hiyo haifai kwa invata ya nyumbani. Tafuta nyingine.

MJOMBA: Haya, tuje kwenye bushi zangu. Pana huku, nyembamba kule.

MPWA: Mjomba, mimi ninapotafuta kosa la kipimo, kwanza nauliza linavyotembea. Naiamuru mashine iende milimita 10, halafu 50, napima kwa saa ya kupimia na vernia. Ikienda 9.8 kwenye kumi na 49 kwenye hamsini, kosa linakua kwa uwiano, hiyo ni hesabu yangu mbaya. Mota ya kitelezi ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva inayoiendesha inagawa kila hatua mara nane, tunapata mapigo 1,600. Skrubu inasogea milimita 5 kwa mzunguko. Kwa hiyo ni mapigo 320 kwa milimita. Nikiandika vingine, kila kitu kinakosea kwa kiwango kilekile.

MJOMBA: Na kosa lisilokua?

MPWA: Kama ni lilelile, iwe umbali mfupi au mrefu, na linatokea pale tu mashine inapogeuza mwelekeo, skrubu inacheza. Kama halina mpangilio, leo 0.1, kesho 0.4, na linazidi kadiri kazi inavyoendelea, mota inaruka hatua. Mota hizi ni bubu. Zinapewa pigo na hazisemi kama zimesogea au zimeshindwa.

MJOMBA: Na zilikuwa zikishindwa, kwa sababu uliziamuru ziruke kama swala.

MPWA: Kweli kasi ya kuanzia ilikuwa kubwa, nikaipunguza. Lakini ni nani aliyebana ule ubapa wa kitelezi mpaka hata mpini wa mkono ukawa mgumu?

MJOMBA: Niliubana kuficha mchezo wa skrubu.

MPWA: Basi tulikuwa wawili.

MJOMBA: Lakini bushi zangu hazikuwa na kosa hata moja kati ya hayo matatu. Zilikuwa na mteremko. Ulikaa siku nzima kwenye kompyuta ukibadilisha tarakimu, nikakuacha. Kisha nikafanya nilichofundishwa. Nilibana chuma cha unene wa milimita 40 kwenye chaki, ile inayokishika na kukizungusha, kikachomoza sentimita 15 hivi, sikukishikiza na mkia wa mashine. Nikakichonga katikati kikawa chembamba, zikabaki pete mbili, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni. Kisu kikapita juu ya pete zote mbili kwa mkato mmoja mwembamba, bila kukigusa kitelezi. Mikromita ikasema 38.00 kwenye pete ya karibu, na 38.06 kwenye ya mwisho. Hapo kompyuta ina kosa gani?

MPWA: Haina. Kitanda cha mashine kilikuwa kimejipinda.

MJOMBA: Kilijipinda tulipoihamisha kuiweka kwenye meza yako mpya ya vyuma vya kuchomelea, ukakaza bolti nne kwa nguvu za ujana. Nikalegeza, nikaweka kipande cha bati jembamba chini ya mguu mmoja wa upande wa mkia, nikakaza kidogokidogo, nikachonga tena, nikapima tena. Mpaka pete zikalingana. Hakuna tarakimu iliyobadilishwa.

Ningependa kila anayetaka kufunga kompyuta aisome sehemu hiyo mara mbili. Kerezo ni chuma kizito cha kusubu lakini si jiwe. Meza isiyolala sawa hukivuta na kukipinda, hata kama jicho halioni. Na programu zinatoa kishawishi kibaya, maana zina kisanduku cha kuandika masahihisho karibu ya kila kitu. Fundi wa kompyuta huandika masahihisho juu ya chuma kilichopinda, siku ya kazi ya urefu mwingine masahihisho hayo yanakuwa kosa jipya. Mjomba amepata alama hapa, na alama kubwa.

MPWA: Nakubali. Lakini wewe nawe, Mjomba, uliishi miaka mingi na mchezo wa robo milimita kwenye skrubu ile ya zamani.

MJOMBA: Niliujua, nikauzoea. Ukiingiza kisu kila mara kutoka upande mmoja, mchezo haukusumbui.

MPWA: Kwa bushi, ndiyo, kwa sababu chuma chenyewe kinakisukuma kisu upande mmoja muda wote. Lakini ulipotaka nikuchongee kishikio cha mpira, cha mviringo kama chungwa, kilitokea nini? Kisu kinakwenda kuelekea chaki, kinatoka nje taratibu mpaka kifike kwenye tumbo la mpira, halafu kinaanza kuingia ndani. Palepale tumboni ndipo skrubu inapogeuza mwelekeo. Mota inazunguka, kisu hakisogei mpaka mchezo wote uishe. Mpira ukatoka na mkanda bapa kiunoni. Mkono wako ungeusamehe mchezo ule, kompyuta ikauonyesha.

MJOMBA: Na ndipo ukaniomba fedha za skrubu ya gololi.

MPWA: Ndiyo. Programu inaweza kufidia mchezo kidogo, lakini mchezo wa robo milimita haufidiwi, unaondolewa. Gololi zinabingirika kati ya nati na skrubu, nafasi haibaki. Ila ujue zinasogea kirahisi mno. Mota ikikosa umeme, kitelezi kinaweza kusukumwa kwa kidole.

MJOMBA: Na hesi? Kwenye hesi ndipo niliposema sasa basi. Bolti ya milimita 16, hesi ya hatua ya milimita 2, kazi ya mtoto wa mwaka wa kwanza. Kisu kikapita mara ya kwanza, kikachora vizuri. Mara ya pili kikaanzia pengine. Mara ya tatu pengine tena. Nikapata bolti imenyolewa kama kichwa.

MPWA: Hapo naomba nipewe nafasi, maana hapo ni kwangu. Kwenye mashine yako ya zamani, gia ndizo zinazofunga skrubu na chuma kinachozunguka, haviwezi kupishana. Mimi nimetoa gia. Badala yake nimeweka enkoda, diski inayoiambia kompyuta chuma kimefika wapi, na ina alama moja kwa kila mzunguko. Kisu kinasubiri alama ile ndipo kiondoke. Alama ikija ya uongo, kisu kinaondoka mahali pa uongo.

MJOMBA: Uongo unatoka wapi?

MPWA: Kwenye invata. Inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wake ulipita sambamba na waya wa enkoda kwenye bomba moja. Kila ikikata, waya wa enkoda unapata vijipigo ambavyo havikutumwa na mtu. Nilijuaje? Nilitoa kisu nikafunga kalamu ya wino mzito mahali pake. Nikaamuru ichore hesi ileile juu ya chuma, mara nyingi, bila kukata kitu. Invata ikiwa imezimwa na chuma nikikizungusha kwa mkono, mstari ulianguka juu ya mstari. Invata ilipowashwa, ikatoka mistari mingi, kila mmoja na njia yake.

MJOMBA: Hiyo kalamu nilikuvulia kofia. Haipotezi chuma.

MPWA: Nikatenganisha waya, nikaweka wenye wavu wa kinga, kinga ya waya wa enkoda nikaifunga ethi upande mmoja tu. Halafu ikabaki ethi yenyewe. Nyumba hii ilikuwa na waya wa ethi kwenye kila soketi, na waya huo ulikuwa haufiki popote. Tulipochimbia fimbo nje na kuuunganisha nayo, hata zile swichi za kikomo zilizokuwa zikisimamisha kazi bila kuguswa zilitulia.

Niongeze jambo la umeme ambalo wote wawili wamelikimbia, la kukatika. Kuna anayeona dawa ni kuipa kompyuta UPS. Akiipa kompyuta peke yake, amejiongezea tatizo: mota zimelala, kompyuta iko macho, inaendelea kutuma mapigo na kuhesabu safari ambayo haikufanyika. Umeme ukirudi, kompyuta inaamini kisu kiko mahali ambapo hakipo. Dawa ni rilei moja inayokaa kwenye umeme wa draiva. Umeme ukienda, rilei inaachia, na kompyuta inajikuta kwenye hali ya dharura, haitumi kitu. Umeme ukirudi hakuna kinachoondoka chenyewe. Kisu kinatolewa kwenye chuma kwa mkono, mashine inarudishwa kwenye swichi zake za nyumbani, ndipo kazi ianze.

MJOMBA: Umeongea vizuri, mwandishi. Sasa muulize kuhusu siku chaki ilipopiga kelele.

MPWA: Mjomba!

MJOMBA: Lazima wasikie.

MPWA: Kuna amri inayoilinganisha kasi ya mzunguko na kipenyo, ili ngozi ya chuma ipite mbele ya kisu kwa kasi ileile. Inaitwa G96. Tuseme mita 100 kwa dakika. Kwenye kipenyo cha milimita 50 hiyo ni mizunguko kama 640 kwa dakika. Kisu kikisogea katikati kusawazisha uso wa chuma, kipenyo kikabaki milimita 5, kompyuta inataka mizunguko karibu 6,400. Chaki ya chuma cha kusubu haikuundwa kwa kasi hiyo. Usipoandika kikomo kwenye amri ileile, itajaribu kufika.

MJOMBA: Nilipiga swichi nyekundu kwa kiganja. Na nilimshukuru Mungu kwamba binti huyu alikuwa ameifunga ikate umeme kwa waya, si kwa kuiomba kompyuta ruhusa.

MPWA: Hilo silifanyii mzaha. Na sasa kikomo nimekiandika kwenye invata pia, kompyuta hata ikitaka haipewi.

MJOMBA: Basi nikuulize la mwisho. Kipenyo au nusu kipenyo? Maana siku moja uliniambia ondoa milimita moja, mashine ikaondoa mbili.

MPWA: Inategemea amri. G7 ni kipenyo, G8 ni nusu kipenyo, na programu hii ikiwaka bila kuambiwa inachukua nusu kipenyo. Mstari wa kwanza wa kila kazi ninaandika G7. Lakini na mimi nikuulize: bushi 200 zijazo unataka kuzichonga kwa mpini?

MJOMBA: Hapana. Zile fanya wewe. Mimi niachie mipini yangu miwili, usiing'oe.

MPWA: Sijaing'oa. Zima draiva, mpini unazunguka kama zamani.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye karakana ambayo kazi yake ni matengenezo, kitu kimoja kimoja kilichovunjika, asifunge kompyuta. Atatumia muda mwingi kuandika kuliko kuchonga, na hapo Mjomba ameshinda. Mwenye oda zinazojirudia, au anayehitaji maumbo ya mviringo na hesi za aina nyingi bila kubadilisha gia, afunge, mradi awe tayari kujifunza umeme na si programu peke yake. Kwa mpangilio wa kazi, simpi nafasi Mpwa: chuma kilazwe sawa kwanza, mchezo uondolewe, waya zitenganishwe na ethi ifike ardhini, ndipo kompyuta iwashwe. Na kama mwezi huu fedha inatosha kitu kimoja, msomaji, usianze na mota wala kompyuta. Nunua saa ya kupimia yenye kishikio cha sumaku, uweke kwenye kerezo ulilo nalo, ulipime jinsi lilivyo leo.